Koleusi: Habari za Mmea wa Majani ya Rangi



Leo nataka kuwaeleza habari za mmea mdogo ambao wengi wetu tumeuona, lakini ni wachache waliopata kuuliza ulitoka wapi. Hupandwa mbele ya nyumba, kando ya baraza, katika makopo na vyungu vilivyopasuka, na penye njia iingiayo shuleni. Maua yake ni madogo, ya rangi ya samawati iliyofifia, wala hayana fahari. Mtu hayatazami mara mbili. Fahari yake yote imo katika majani. Moja ni la rangi ya damu ya mzee, lenye ukingo wa kijani. Jingine ni la manjano lenye madoa ya zambarau. Jingine limechanganya rangi tatu au nne, hata ungedhani fundi wa kanga ndiye aliyelichora.

Wataalamu huuita mmea huu Coleus, nasi kwa ulimi wetu tutauita koleusi. Wanafunzi wasilichanganye jina hili na koleo ya mhunzi. Neno limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni ala, kama ala ya kisu. Kwa kuwa ukilifungua ua lake kwa sindano utaona vile vijiti vyenye chavua vimeungana chini, vikafanya kama ala. Aliyeutia jina hilo, mwaka 1790, ni João de Loureiro, mmisionari Mreno aliyekaa miaka mingi katika nchi ambayo leo ni Vietnam, akaandika kitabu cha mimea ya huko.

Tena, shikeni shina la koleusi kwa vidole mkalizungushe. Si la mviringo. Lina pembe nne. Kisha shikeni shina la mrehani, na la kivumbasi, na la nanaa. Hayo nayo yana pembe nne, na majani hutoka mawili mawili yakielekeana. Hiyo ndiyo alama ya ukoo. Koleusi ni ndugu wa mrehani, na ndiyo sababu Linnaeus, yule bwana wa Uswidi aliyewafundisha watu kuipa mimea majina mawili mawili, alipoiandika mwaka 1763 aliiweka katika mlango mmoja na mrehani.

Huenda mtu akasema, "Mwalimu, mbona watuletea habari za mapambo, nasi twataka habari za mihogo na pamba?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba habari za mmea huu ni habari za watu. Ndani yake mna vita vya biashara, mna kipofu aliyeandika kitabu, mna moto na gharika, mna matajiri waliogombea jani kwa fedha, na mna nyumba kubwa iliyobomolewa kwa baruti. Na katika hayo yote limo neno moja la kutufaa sisi sote, nalo tutaliona tukifika.

Kwanza tuone kwao. Koleusi hii ya bustani ni mwenyeji wa nchi za joto za kusini mashariki ya Asia, katika visiwa ambavyo leo vingi vyake ni nchi ya Indonesia, hata kufika kaskazini ya Australia. Watu wa huko waliijua kabla Mzungu hajaiona. Wajava waliiita iler. Katika visiwa vya mashariki iliitwa miana, na Wafilipino huiita mayana. Waliipanda karibu na nyumba zao kwa uzuri wake na kwa dawa, wakayatumia majani yake kwa maradhi na kwa michubuko. Basi tusidhani kwamba bustani ya koleusi ilianza Ulaya. Ilianza kwenye nyua za wanakijiji, kama nyua zenu.

Katika visiwa hivyo kuna kisiwa kiitwacho Ambon, katika nchi ya Maluku. Watu wa pwani yetu, na zaidi wa Unguja na Pemba, yawapasa kulijua jina la Maluku, kwa kuwa huko ndiko kwao karafuu. Katika karne ya 17 Kampuni ya Waholanzi ya biashara ya Mashariki iliishika Maluku, ikataka karafuu yote ya dunia iuzwe na mkono wake peke yake. Ikaamuru mikarafuu ya visiwa vingine ikatwe, ibaki ya Ambon na visiwa vya jirani tu. Mashua za vita zilizunguka baharini kuitafuta miti na kuikata, na watu waliokuwa wakiishi kwa miti hiyo wakaachwa maskini. Hivyo ndivyo Kampuni ilivyolinda mali yake: kwa shoka.

Katika kisiwa hicho hicho aliishi mtumishi mmoja wa Kampuni, jina lake Georg Eberhard Rumphius. Alikuwa Mjerumani. Alifika Mashariki mwaka 1653 akiwa askari, baadaye akawa mfanya biashara. Lakini moyo wake haukuwa katika biashara wala katika vita. Ulikuwa katika mimea. Kila jani aliloliona aliuliza jina lake, nao watu wa Ambon wakamwambia: hili laitwa hivi, hutibu hivi, hupandwa hivi. Yote akayaandika. Mmoja wa mimea aliyoiandika ni koleusi, naye akauita Majana, yaani akaliweka jina lile lile la wenyeji.

Mwaka 1670 macho yake yakapofuka. Fikirini mtu ambaye kazi yake ni kutazama majani, naye haoni tena jani. Hakuacha. Akaendelea kwa kupapasa na kunusa, na wengine wakamsomea na kumwandikia. Tarehe 17 Februari 1674 tetemeko kubwa la nchi likakipiga kisiwa, bahari ikapanda, na katika msiba huo akafa mkewe pamoja na binti yake. Hakuacha. Mwaka 1687 moto ukauchoma mji, na picha nyingi za mimea zilizochorwa kwa taabu zikateketea. Akaanza tena, na watu wakamchorea upya, mmoja wao akiwa mwanawe.

Hatimaye sehemu kubwa ya kitabu ikawa tayari, ikapakiwa melini kwenda Uholanzi. Ilikuwa mwaka 1692. Njiani meli ikashambuliwa na Wafaransa ikazama, na maandiko yote yakaenda chini ya bahari. Hapo kazi ya maisha ya mtu mzima ingalikwisha kabisa, kama si jambo moja. Kabla meli haijaondoka Batavia, mji ambao leo huitwa Jakarta, Camphuys, aliyekuwa gavana mkuu wa Kampuni, alikuwa ameagiza maandiko hayo yanakiliwe. Nakala ilikuwapo. Kitabu kilizama, lakini hakikufa.

Wasikilizaji wangu, hebu mlishike sana jambo hilo la nakala. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata daftari, likiwa moja tu, laweza kupotea.

Rumphius alifariki mwaka 1702 bila kuishika kazi yake ikiwa imechapwa. Kampuni iliyaweka maandiko miaka mingi, isitake wageni wajue mambo ya visiwa vyake. Yalichapwa na profesa Burman kati ya mwaka 1741 na 1750, karibu miaka 40 baada ya mwandishi kuzikwa, nayo yaeleza mimea zaidi ya elfu moja. Ni katika kitabu hicho wataalamu wa Ulaya walipopata kusoma habari za majani mekundu ya Ambon.

Na ile karafuu iliyolindwa kwa shoka? Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kupata miche ya karafuu na kuifikisha kisiwa cha Mauritius. Kutoka visiwa vile, mwanzoni mwa karne ya 19, karafuu ikafika Unguja, ikakubali udongo wa Unguja na Pemba kuliko hata wa kwao. Kampuni ilikata miti mingi sana, lakini mche mdogo ulitosha kuiponyoka. Kitu kiotacho ni kigumu kukifungia.

Sasa turudi kwa koleusi. Mwaka 1817 Waholanzi walianzisha bustani kubwa ya mimea huko Buitenzorg katika kisiwa cha Java, mahali ambapo leo huitwa Bogor. Katika miaka ya 1820 bustani hiyo iliongozwa na Carl Ludwig Blume, aliyekusanya na kuandika mimea mingi ya Java. Mwaka 1832 mtaalamu Mwingereza, George Bentham, akaiita koleusi ya Java Coleus blumei, ili kumheshimu Blume. Mwanakijiji wa Java aliyeikuza mlangoni pake, na mama yake kabla yake, hawakutajwa. Si kwamba Bentham alikuwa mtu mbaya. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Lakini sisi tusomao historia yatupasa kuuliza daima: kabla jina hili halijaandikwa, nani alikuwa ameukuza mmea huu?

Mimea hai ilifikaje Ulaya? Safari ilikuwa ya miezi mingi. Maji matamu yalikuwa haba melini, chumvi ya bahari iliunguza majani, na sehemu kubwa ya mimea ilikufa njiani. Dawa ya taabu hiyo ilipatikana kwa bahati. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, mwaka 1829 aliweka bumba la nondo ndani ya chupa yenye udongo wenye unyevu, akaifunika, akingoja mdudu atoke. Badala yake akaona ndani ya chupa kumeota jimbi na nyasi, navyo vikaendelea kuishi bila kumwagiwa maji. Maji yalipanda kwa joto la mchana kama mvuke, yakagonga kioo, yakashuka tena udongoni usiku. Ward akatengeneza masanduku ya kioo kwa kanuni hiyo hiyo, na mwaka 1833 akapeleka mawili Sydney, Australia. Mimea ilifika ikiwa mizima. Toka hapo masanduku ya Ward yakawa chombo cha kuchukulia mimea ya nchi za joto kuvuka bahari.

Jambo la pili ni kodi. Zamani serikali ya Uingereza ilitoza kodi juu ya kioo, na kioo kikawa ghali. Mwaka 1845 kodi hiyo ikaondolewa. Watu wenye mali wakaanza kujijengea nyumba za kioo katika bustani zao, wakazipasha joto kwa mabomba ya maji ya moto yaliyochemshwa kwa makaa ya mawe, hata katikati ya theluji ndani mkawa na joto la Java. Fundi mkubwa wa nyumba hizo alikuwa Joseph Paxton, mtunza bustani, ambaye mwaka 1840 alimaliza kumjengea tajiri wake nyumba kubwa mno ya kioo huko Chatsworth, na mwaka 1851 akajenga London ile nyumba ya maonyesho iliyotengenezwa kwa chuma na kioo.

Katika miaka hiyo hiyo koleusi ya Java ikafika Ulaya. Mwanzoni haikuwa nzuri sana. Majani ya kijani yenye doa la zambarau katikati, basi. Kisha, kiasi cha mwaka 1860, mkulima wa maua wa Ghent katika Ubelgiji, Ambroise Verschaffelt, akatoa nyingine yenye majani mekundu sana, ikaitwa kwa jina lake. Naye John Gould Veitch, kijana wa jamaa ya wafanya biashara wa mimea wa Uingereza, alisafiri visiwa vya Bahari ya Kusini kati ya mwaka 1864 na 1866, akaleta nyingine kutoka New Caledonia. Kijana huyo alifariki mwaka 1870 kwa kifua kikuu, umri wake miaka 31. Kuvuna mimea ya mbali kulikuwa na gharama, na si wote walioilipa kwa fedha.

Hapo ndipo alipotokea mtunza bustani mmoja, jina lake Bause, aliyefanya kazi katika shamba la Chama cha Kifalme cha Bustani huko Chiswick, karibu na London. Bause alitwaa chavua ya koleusi moja akaipaka katika ua la nyingine, akapanda mbegu zilizopatikana, akangoja. Miche ikatoka yenye rangi ambazo hakuna aliyepata kuziona: wekundu wenye ukingo wa dhahabu, zambarau yenye ukingo wa manjano. Mwezi wa Aprili 1868 miche hiyo mipya ikauzwa mnadani, na wafanya biashara wakashindana kwa bei kubwa. Baada ya mnada huo kila mwenye duka la maua alitaka kuwa na koleusi yake mpya, yenye jina lake, na bei yake.

Matajiri wakaipanda kwa maelfu. Wakati wa joto bustani zao zilitandikwa majani ya rangi kwa mistari, duara na nyota, kama mtu anavyotandika zulia. Baridi ilipokaribia, mimea yote iliyobaki nje ilikufa, kwa maana koleusi haivumilii jalidi hata usiku mmoja. Mwakani watunza bustani walipanda mingine iliyotunzwa ndani ya nyumba za kioo. Fikirini kazi hiyo, na makaa yaliyochomwa, kwa ajili ya zulia la miezi michache.

Lakini angalieni jambo hili. Aliyenunua koleusi ghali mwaka mmoja, mwaka wa pili alikuwa nazo ishirini, kwa kuwa kila kitawi ukikata na kukitia majini hutoa mizizi. Mtunza bustani akampa mkewe kitawi, mke akampa shemeji, shemeji akakiweka dirishani katika kopo. Hivyo bei ikashuka. Kilichokuwa kitu cha mnada kikawa pambo la dirisha la fukara. Hakuna aliyevunja mlango wala kuiba. Ni tabia ya mmea wenyewe.

Ilipokwisha kuwa ya kila mtu, wakubwa wakaichoka. William Robinson, mtu wa Ireland aliyeandika vitabu vya bustani, alizipinga sana bustani hizo za zulia, akisema kwamba uzuri haufai kupangwa kama hesabu, bali mimea iachwe ikae kwa tabia yake. Wengi wakamfuata. Koleusi ikahesabiwa kuwa rangi za kelele, kitu cha watu wasio na adabu ya macho. Ndivyo ilivyo fahari ya mtindo: leo yanunuliwa kwa mnada, kesho yachekwa.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1914. Watunza bustani wakaenda vitani, na wengi hawakurudi. Makaa ya mawe yakatakiwa kwa kazi za vita. Ile nyumba kubwa ya kioo ya Chatsworth ikakosa moto, na mimea yake ya nchi za joto ikafa kwa baridi. Mwaka 1920 nyumba yenyewe ikabomolewa kwa baruti. Na si Chatsworth peke yake. Nyumba nyingi za kioo zilipoa katika miaka ile.

Hapa sasa tumefika kwenye lile neno nililowaahidi. Mahindi ukiyahifadhi vizuri, mbegu zake zakaa zikingoja. Lakini koleusi yenye rangi ya namna yake haizaliwi tena kwa mbegu. Panda mbegu zake mia, utapata watoto wa rangi mbalimbali, na huenda asiwemo hata mmoja afananaye na mama. Ukitaka rangi ile ile, hapana budi ukate kitawi cha mama mwenyewe, kama tufanyavyo muhogo na marando ya viazi vitamu. Kwa hiyo aina moja ya koleusi ni kama mwili mmoja ulioendelea kuishi kwa kupokezanwa mikononi. Siku mkono wa mwisho ukiiacha, imekwisha, wala hakuna ghala la kuirudisha.

Basi zilipopoa nyumba za kioo, aina nyingi za zamani zilipotea, na majina yake yamebaki katika vitabu tu. Zile zilizosalia hazikuokolewa na aliyekuwa na nyumba kubwa kuliko wote. Ziliokolewa na watu waliokuwa wamezigawa, zikakaa madirishani kwa watu wadogo na katika nyua za nchi za joto, ambako hazihitaji makaa. Ni habari ile ile ya kitabu cha Rumphius: meli ilizama, nakala ikaponya. Wazee husema akiba haiozi. Lakini akiba ya koleusi huoza, isipokuwa umeiweka kwa jirani.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 koleusi ilipendwa tena, na zaidi Marekani. Wataalamu walizalisha aina mpya zinazovumilia jua kali, zikaenea tena bustanini. Nyingi za aina hizo mpya zina hati ya mwenyewe, kwa sheria iliyotungwa Marekani mwaka 1930, imkatazayo mtu mwingine kuzizidisha kwa vitawi bila ruhusa. Wako wasemao ni haki, kwa kuwa mwenye kuzalisha aina mpya hufanya kazi ya miaka na yampasa kupata ujira. Wako wasemao kwamba mama wa mimea hiyo walitoka katika nyua za watu ambao hawakulipwa kitu. Pande zote mbili zina neno, nanyi wanafunzi mkiwa na siku ya majadiliano shuleni, hili ni jambo la kulijadili.

Wataalamu nao wamelibadili jina mara nyingi, wakaitoa koleusi katika mlango wake na kuitia katika mingine. Zile zilizoitwa kwa majina ya Blume, ya Verschaffelt na ya Veitch, zote zimeonekana kuwa mmea mmoja tu, ule ule wa Rumphius na Linnaeus. Mwaka 1934 ukauliza ungeambiwa Coleus. Miaka ya baadaye ungeambiwa jina jingine. Na mwaka 2019 wataalamu wakalirudisha Coleus. Jani halikubadilika hata siku moja.

Wala msidhani koleusi ni jamaa ya Asia pekee. Ndugu zake wengi ni wazaliwa wa Afrika. Ule mmea ambao Wakikuyu huuita maigoya, wenye majani manene laini na maua ya buluu, wanaoupanda kuwa ua wa boma, ni koleusi. Wako na wengine Afrika wenye viazi vidogo vinavyoliwa. Jamaa hii iko nyumbani kwetu pia.

Sasa niseme maneno machache kwa atakaye kupanda. Kata kitawi chenye urefu wa kidole au kupita kidogo, chenye vifundo viwili au vitatu, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, acha ya juu. Kitie katika gilasi ya maji, au katika mchanga wenye unyevu penye kivuli. Baada ya wiki moja au mbili utaona mizizi. Kihamishe katika udongo mwepesi uliochanganywa na mbolea iliyooza, usiotuamisha maji. Mmea ukifika kimo cha shibiri, mkate ncha, nao utatoa matawi pembeni na kunenepa badala ya kurefuka ovyo. Ukianza kutoa maua, yakate, kwa kuwa mmea ukishughulika na mbegu hupunguza majani. Ukipanda kwa mbegu, zinyunyize juu ya udongo wala usizifukie, maana hutaka mwanga ili ziote.

Mahali pake ni penye mwanga wa asubuhi na kivuli cha mchana. Kivuli kizito hufifisha rangi, na jua kali la adhuhuri huchoma majani meupe. Sababu yake ni hii: jani hujitengenezea chakula kwa ile rangi ya kijani, iitwayo klorofili. Wekundu na zambarau ni rangi nyingine, anthosianini, iliyofunika kijani juu yake. Lakini palipo peupe kabisa hapana klorofili, na sehemu hiyo hulishwa na sehemu nyingine za jani. Basi mmea wenye weupe mwingi ni dhaifu, kama nyumba yenye walaji wengi na wafanya kazi wachache.

Mara nyingine tawi moja hutoka na rangi tofauti na mmea wote. Usilitupe. Likate, lipande peke yake, na huenda ukawa na aina ambayo haijapata kuonekana. Nyingi za zile nzuri za zamani zilipatikana hivyo, kwa mtu kuona kile ambacho wengine walikipita.

Na kwa walimu wenzangu nasema, mmea huu ni kitabu kisichonunuliwa. Kwa kopo moja la maji mtoto huona mizizi ikizaliwa. Kwa shina moja hujifunza ukoo wa mrehani. Kwa jani moja hujifunza kazi ya mwanga. Kila mtoto apewe kitawi chake apeleke nyumbani, na nyumbani aandike tarehe aliyopanda, mahali alipokitoa, na jina wanaloliita kwao. Maandiko hayo yasikae katika daftari moja tu. Yanakiliwe na mwenzake. Hivyo mkipoteza mmea shuleni kwa ukame au kwa mbuzi, mtaupata kijijini. Na kijiji kikipoteza habari, zitapatikana shuleni.

Kutoa ni moyo, wala si utajiri. Atakayekuwa na koleusi nzuri, naye anataka idumu, na ampe jirani yake kitawi wiki hii, kabla ya kiangazi.